Paka wa ukutani anakula chakula chako na bado anakukimbia

Swali, kutoka kwa msomaji wa Wete, Pemba:

Assalaam alaykum, daktari. Kiasi cha wiki tatu sasa kuna paka wa kijivu mwenye mistari, kila jioni anakuja kukaa juu ya ukuta wa uani kwetu. Namwekea vichwa vya samaki na wali chini ya mwembe, kisha naingia ndani ili asiogope. Anakula vyote. Lakini nikifungua mlango tu, huyoo, keshapanda ukuta. Mjukuu wangu wa miaka sita alitaka kumkamata, akaparurwa mkono, kidogo tu. Mkwe wangu ana mimba ya miezi minne na ameambiwa paka watamdhuru mtoto. Mimi namtaka paka huyu, kwanza kwa panya walioko stoo ya karafuu, na pili namwonea huruma. Nimzoeshe vipi?

Jibu:

Wa alaykum salaam, bibi. Nianze na mkono wa mtoto, kwa sababu paka anaweza kungoja na mkono hauwezi. Hukusema aliparurwa lini, wala kama mliuosha. Mpelekeni kituo cha afya mkaeleze kwamba aliyemparura ni paka asiyejulikana, hata kama kidonda kimeshakauka. Kichaa cha mbwa hakimkai mbwa peke yake. Paka naye hukipata, humwambukiza mtu kwa mate, na kucha zake huzilamba kutwa. Chanjo za mbwa zilizoendeshwa Pemba zimeurudisha nyuma sana ugonjwa huu, lakini kisiwa hakina ukuta: mnyama hupanda chombo kama mzigo mwengine. Ikitokea tena, osheni papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 za kwenye saa, si za kukisia, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Majivu, pilipili na mafuta ya taa yaacheni; yanachoma nyama na hayaui kirusi. Na akiuma ni zaidi ya kuparura. Jino la paka ni jembamba kama sindano: tundu la juu hufunga upesi, vijidudu hubaki chini karibu na kiungo, na mkono huweza kuvimba ndani ya saa 12 hadi 24. Jeraha la jino la paka kidoleni halingojwi mpaka kesho kutwa.

Sasa paka mwenyewe. Umemlisha wiki tatu na hajazoea, na sababu iko ndani ya maelezo yako: unaweka chakula, kisha unaingia ndani. Wewe umefanya kwa huruma. Yeye amejifunza jambo jengine kabisa, kwamba chakula hupatikana mtu anapoondoka. Mlango ukilia tu, maana yake raha imekwisha. Kwa wiki tatu urafiki umejengeka baina ya paka na sahani, wewe haumo. Hakuna kilichoharibika, lakini kuanzia leo sahani na wewe lazima muwe kitu kimoja: usipokuwepo uani, na chakula kisiwepo.

Kwanza, jua unashughulika na paka wa namna gani, maana muda utakaohitaji unategemea hilo kuliko jambo lolote. Paka huamua mapema sana kama binadamu ni adui au si adui. Mlango wa kuzoea watu huwa wazi zaidi baina ya wiki ya 2 na ya 7 ya umri wake. Kitoto kilichoshikwashikwa siku hizo hubaki na uwezo wa kumwamini mtu hata kikitupwa mtaani baadaye. Ambaye siku hizo hakuona mtu, utamzoesha kwa miezi, na pengine ataishia kukuvumilia tu.

Paka aliyewahi kuwa na mwenyewe hukutazama usoni na kukulilia. Ile nyau tunayoisikia, paka wakubwa hawaitumii sana wao kwa wao. Wameiweka kwa ajili ya watu. Akikuona huinua mkia wima, pengine ncha imepinda kidogo. Huyo ni kazi ya siku chache, wiki ikizidi sana. Yuko paka wa mtaani, kama wale wa soko la Darajani na Forodhani kule Unguja, anayepita baina ya miguu ya watu wala hajali, ila mkono ukishuka anateleza. Huyo watu anawajua, mikono ndiyo haiamini. Na yuko shume: huja usiku mkubwa, kimya, tumbo karibu na ardhi, na ukimkurupua mara moja hapiti tena njia ile kwa siku kadhaa. (Wengi huliita shume dume lolote lenye mashavu mapana. Mashavu yale huletwa na homoni za dume asiyehasiwa, si ushahidi wa ukali. Wapo wenye mashavu kama maandazi wanaolala mapajani mwa watu.)

Wako anakuja bado kuna mwanga, kila siku, na anakaa pahala unapomwona. Ningemweka kundi la pili. Hesabu wiki tatu hadi sita, kwa sharti usiruke siku. Kabla ya hapo waulize majirani, kwani paka mmoja huweza kuwa na majina matatu katika mtaa mmoja, na kila nyumba ikajua ni wake. Mtazame na masikio: ncha ya sikio moja ikiwa imekatwa mstari mnyoofu, mara nyingi ni alama kwamba ameshafungwa uzazi na kuachiwa.

Saa ya kumlisha isibadilike. Jioni umechagua vizuri, maana paka huchangamka alfajiri na magharibi, lakini kwetu kuna sababu nyengine, nayo ni kunguru. Samaki akiwekwa saa kumi, kunguru watafika kabla yake, na paka aliyedonolewa mkia chini ya mwembe hatapaamini tena pahala pale. Jua likielekea kuzama kunguru huondoka kwenda kulala. Weka sahani katika ile robo saa kabla ya adhana ya Magharibi. Mwaka mzima jua letu huzama baina ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo, basi ratiba haitakusumbua. Ramadhani sahani itangulie futari. Baada ya dakika 20 au 30 ondoa kilichobaki, hata kama hakumaliza. Chakula kikilala nje kitaleta sisimizi na paka wengine watatu, na paka wako hawezi kukusoma wewe huku anajihadhari nao.

Pahala pawe na njia mbili za kukimbilia, kwa mfano ukuta na upenyo wa pembeni mwa banda la kuni. Wewe usikae baina yake na njia yoyote kati ya hizo. Hili hukosewa mara nyingi kuliko yote: mtu anakaa mlangoni, paka yuko kwenye kona, kisha mtu anashangaa kuona paka hatulii. Paka anayejua anaweza kuondoka ndiye anayekubali kubaki.

Chakula chenyewe kinahitaji marekebisho. Wali humjaza tu. Mwili wa paka umeumbwa kwa nyama na kuna virutubisho, taurini kwa mfano, ambavyo hawezi kujitengenezea vya kutosha. Akivikosa kwa muda mrefu, macho na moyo hudhoofika. Paka mzima wa kilo tatu na nusu anatosheka na gramu 150 hadi 200 za mnofu kwa siku, uliochemshwa bila chumvi, bila kitunguu wala thomu, kwa sababu vitu hivyo viwili huvunja chembe nyekundu za damu yake. Kwa kuwa mnamzoesha jioni, robo tatu ya kiasi hicho mpe wakati huo. Vibua wawili wadogo waliotolewa miba wanatosha. Vichwa vilivyopikwa si salama kama vinavyoonekana: mfupa ukishapikwa hukakamaa na kuvunjika vipande vyenye ncha. Ukipenda kutumia vichwa, vichemshe uchambue nyama ya mashavu, mengine tupa. Samaki mbichi wa kila siku pia si mwema, kwani baadhi ya aina wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na kuchemsha ndiko kunakokiua. Jodari mtupu kwa miezi humletea upungufu wa vitamini E na mafuta ya mwilini kuvimba kwa maumivu, basi changanya na kuku. Dagaa wakavu waloweke nusu saa, ubadilishe maji mara mbili, ndipo uwachemshe. Chumvi yao ni nyingi. Maziwa na tui, hapana. Paka wakubwa wengi hawayeyushi sukari ya maziwa, na tui ni mafuta matupu. Yote mawili humharisha. Maji safi yawepo siku zote, mbali kidogo na sahani.

Tuje kwenye kazi hasa. Chukua kigoda, uketi chini kadiri uwezavyo. Mtu aliyesimama ni mnara. Keti ubavu ukielekea kwake, si kifua. Bana ncha za kanga, zisipeperuke kwa upepo wa kusi. Siku ya kwanza keti mita nne kutoka kwenye sahani, na uwe umeshaketi kabla hajashuka ukutani. Pengine hatashuka kabisa. Mpe dakika 20, kisha ondoka na sahani. Ndiyo, na sahani; ukimwachia kwa huruma utakuwa umerudi kwenye somo la wiki tatu. Hatakufa njaa kwa jioni moja, ana mtaa mzima, na asubuhi waweza kumwekea kidogo pahala pengine. Asiposhuka kwa jioni mbili mfululizo, ongeza umbali: kaa mita sita, au kaa kwenye kizingiti mlango ukiwa wazi.

Mita nne ni ya kuanzia tu. Kipimo cha kweli ni kichwa chake. Akila huku kichwa kimeinama, matonge matano sita mfululizo, umbali unamtosha. Akiinua kichwa kila tonge, masikio yakizunguka nyuma, mboni zimetanuka wakati kungali na mwanga, uko karibu mno. Jioni ifuatayo ongeza mita moja. Akijikunyata na kufoka, usijibu, usisimame ghafla, geuza uso pembeni na utulie mpaka aondoke. Kufoka si uchokozi. Ni onyo la mwoga, na bora anayefoka kuliko anayenyamaza akarusha mkono.

Akila kwa utulivu jioni mbili zinazofuatana, sogeza sahani kuja kwako, nusu hatua, kiasi cha sentimita 30. Sahani ndiyo inayosogea. Wewe kaa pale pale ulipokaa jana. Watu hufanya kinyume, wakajisogeza wao, na kwa macho ya paka kitu kinachomkaribia kidogo kidogo huku kinajifanya kimetulia ni mwindaji, maana yeye mwenyewe huwinda hivyo hivyo. Masafa ya mwisho lazima ayatembee yeye.

Ukiwa hapo, usimkazie macho. Kati ya paka, kukaziana macho ni kutafuta ugomvi. Mtazame, kisha fumba macho polepole kama mtu anayesinzia, yaache nusu sekunde, fumbua, na utazame pembeni. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walilipima jambo hili: paka waliofanyiwa hivyo nao walijibu kwa kufinya macho, na walikuwa wepesi zaidi kuukaribia mkono wa mgeni kuliko pale mgeni alipowatazama kikavu. Zungumza naye kwa sauti ya chini, maneno yale yale kila jioni, na umpe jina fupi. Watafiti wa Japani walionesha mwaka 2019 kwamba paka hulitofautisha jina lake na maneno mengine yanayofanana nalo kwa urefu. Jina liseme wakati anapokula tu. Usilitumie kumfukuzia jikoni.

Harufu ni jambo ambalo nyumba zetu hulisahau. Siku unayojifukiza udi au kujipaka mafuta mazito, kwake wewe ni mtu mwengine. Si lazima uache, ila wiki hizi za mwanzo nguo ya kumlishia iwe moja, kanga kuukuu ambayo haifuliwi kila siku wala haiguswi na chetezo. Baadaye kanga hiyo hiyo utamtandikia alalie.

Sahani ikifika mita moja kutoka ulipo, simamisha safari hapo siku tatu nne hata ukimwona yuko tayari. Hapo ndipo pa kuanza mwiko. Acha sehemu ya samaki nje ya sahani, ikate vipande vya ukubwa wa punje ya dengu, na kimoja kimoja umpe kwenye ncha ya mwiko mrefu wa mbao, ukiuweka chini, si hewani. Kwa nini si vidole? Paka haoni vizuri kitu kilicho karibu na pua yake. Chini ya sentimita 25 hivi hutegemea sharubu na harufu. Kidole chenye harufu ya samaki na samaki mwenyewe kwake ni kimoja, naye akiuma kwa kukosea, wewe utavuta mkono kwa nguvu, yeye atashtuka, na wiki mbili zimekwenda. Mwiko hauvuti. Kila jioni ushike karibu zaidi na ncha, mpaka mkono wako uwe shubiri moja na mdomo wake.

Mkono mtupu unakuja baada ya kula, si kabla, kwa sababu mwenye njaa huvumilia asichokipenda. Kunja ngumi legelege, kidole kimoja kimechomoza kidogo, uweke usawa wa pua yake, shubiri mbili mbali naye, na usubiri. Usiupitishe juu ya kichwa, vitu vinavyotoka juu ni kunguru na mwewe. Akinusa akageuza uso, jibu ni leo hapana. Rudisha mkono taratibu. Akinusa akasugua shavu, amekupaka harufu yake. Pana tezi mashavuni, kidevuni na kwenye panja baina ya jicho na sikio, na hapo ndipo anapopenda kuguswa kwanza. Mkune shavu kwa kidole kimoja, hesabu moja, mbili, tatu, kisha acha. Akisogea kuufuata mkono, mpe tatu nyengine. Akibaki palepale bila kusogea, amekuvumilia tu hakuomba, na siku hiyo inatosha.

Mgongo baadaye. Tumbo, miguu na mkia, pengine kamwe. Paka akilala chali mbele yako anasema haogopi, hasemi mguse tumbo. Wengi wameparurwa kwa kutojua tofauti hiyo. Na kukoroma kwake nako kusikudanganye peke yake, paka mgonjwa au mwenye maumivu naye hukoroma. Tazama mkia: ukianza kupigapiga ardhi, ngozi ya mgongo ikitetemeka, kichwa kikigeukia mkono wako, ondoa mkono sasa hivi. Asiyesoma alama hizi husema paka alimuuma bila sababu.

Kazi nyingi huharibika siku inayofuata baada ya mguso wa kwanza. Mtu amefurahi, jioni ile ile anataka kumbeba, watoto wanaitwa waje waone, na mmoja anafunga mlango wa uani ili asitoke. Paka aliyefungiwa mara moja huhesabu mlango ule kuwa mtego. Kubeba kusikuwepo mpaka awe anakuja mapajani mwenyewe, na siku hiyo mkono mmoja uwe chini ya kifua na mwengine chini ya makalio, usimnyanyue kwa ngozi ya shingo kama paka anavyobeba vitoto vyake; mkubwa ana uzito, humuumiza. Wiki hizi zote mfugaji awe mtu mmoja, yaani wewe. Mjukuu mpe kazi ya kukata vipande na kuosha sahani, na jioni akae dirishani ahesabu matonge. Baada ya paka kukuzoea wewe kabisa, mtoto aketi kando yako na mwiko wake. Asimkimbilie, asimwite kwa makelele, na akilala asiguswe.

Kuhusu mkwe wako, aliyemwambia hakuzua, ila amekuza. Ugonjwa unaoogopwa huitwa toksoplasmosi, na mimba huweza kudhurika mama akiupata kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito. Vijidudu hutoka kwenye kinyesi cha paka, kwa kawaida kwa wiki chache tu za maisha yake, mara anapoambukizwa mwanzo kwa kula panya au nyama mbichi. Na kinyesi kipya hakiambukizi siku ile ile. Vijidudu vinahitaji siku moja hadi tano kukomaa. Kwa hiyo kumgusa manyoya au kukaa naye chumba kimoja si njia kubwa. Njia kubwa ni nyama isiyoiva, mboga isiyooshwa na udongo. Mkwe asisafishe kinyesi cha paka, asichimbe bustani bila glavu, aoshe mikono kabla ya kula, na kliniki anaweza kuuliza kipimo cha damu. Kinyesi kiondolewe kila siku na mtu mwengine. Mwekeeni sanduku la mchanga mkavu wenye kina cha sentimita saba au nane, kwenye kona tulivu mbali na sahani, mkafunike ule mchanga wa ujenzi kama upo, vinginevyo atauchagua huo na watoto ndiko wanakochezea. Suala la maji ya udhu aliyoyanywa paka muulizeni shekhe wenu, ila hadithi ya Abu Qatada, kwamba paka si najisi bali ni katika wanaowazungukia, haifichikani kwetu.

Panya wa stoo. Paka aliyeshiba bado huwinda, kwani kuwinda na njaa ni mambo mawili, basi usimnyime chakula ukidhani atakuwa hodari. Tegemea ashughulike na panya wadogo na makinda. Wale wakubwa waliokomaa paka wengi huwakwepa, ingawa harufu yake huwafanya waone haya kidogo kutembea wazi. Lakini huwezi kuwa na paka na sumu ya panya kwa pamoja. Panya aliyekula sumu hulewa, hukamatwa kirahisi, na paka huweza kufa kwa kumla. Chagua kimoja, na kama sumu imewekwa hivi karibuni, iondoe, uokote na mizoga, kabla hujamkaribisha. Magunia ya karafuu yafungwe na majamvi yakunjwe, maana kitu kilicholegea kinachofukulika humwita kwenda haja.

Hapo hapo, onyo la Pemba hasa. Akija na viroboto, mtu atakwambia umpake mafuta ya karafuu au ya makonyo. Usithubutu. Ini la paka lina upungufu wa vimeng'enya vinavyovunja kemikali za aina ile, naye atayalamba yote mwilini mwake. Kwa sababu hiyo hiyo kidonge kimoja cha panadol chaweza kumuua. Dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini nayo ni sumu kwake, na mafuta ya taa humuunguza ngozi na kinywa. Dawa ya viroboto na ya minyoo ichukuliwe kwa daktari wa mifugo kwa uzito wa paka mwenyewe. Ya minyoo irudiwe kila miezi mitatu kwa paka anayekula panya. Mpe na chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kama ni jike, usichelewe kumfunga uzazi. Huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, mimba huchukua kiasi cha siku 63 hadi 65, na kwa kuwa karibu na Ikweta mchana haurefuki wala haufupiki sana, majike wetu hawana msimu wa kupumzika kama wa nchi za baridi. Safari ya kwa daktari iandalie wiki nzima kabla: kapu lenye mfuniko liwe wazi uani, ndani kanga yako kuukuu, sahani karibu na mdomo wa kapu, kisha ndani yake. Siku ya safari atakuwa anaingia mwenyewe.

Kuna hali moja ambayo haya yote hayaihusu. Paka aliyekuwa mwoga akaja ghafla kwa mtu mchana, akayumba, mate yakimtiririka, au akamrukia mtu asiyemfanya kitu, huyo hazoeshwi. Waingizeni watoto ndani, msimguse hata akifa, mpeni habari sheha na ofisi ya mifugo.

Na wako akipotea siku tatu nne, hasa akiwa dume, usihesabu kazi imekwenda bure. Huenda anafuata jike, au amekimbia fataki za Idi. Endelea kukaa kwenye kigoda saa ile ile na kipande kidogo cha samaki, ukiondoka ondoka nacho. Akitokea tena ukutani, rudisha sahani mita mbili nyuma ya pale mlipokuwa mmefika. Mara nyingi siku mbili humtosha kuzitembea tena.